Sura ya Nne Bila ya Tano: Kulisoma Tena Azimio la Arusha kwa Macho ya Imani

Somo: Matendo ya Mitume 4:32 hadi 5:11

Mwaka jana niliwauliza vijana wa darasa la Kipaimara katika usharika ninaoutumikia: Azimio la Arusha ni nini? Wengine walinitazama tu. Mmoja alijibu kwamba ni ule mnara wa Arusha mjini, ambao watu hupigia picha. Mwingine, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Nne, alitaja mwezi na mwaka, Januari 1967, kisha akataja sababu tano na athari tano kama zilivyo kwenye daftari lake. Jumapili iliyofuata niliwauliza wazee wa kanisa swali lile lile. Mzee mmoja alikaribia kutokwa na machozi kwa kuikumbuka nchi ile. Mwingine alicheka, akasema, "Mchungaji, unatukumbusha foleni za sukari?" Nikauliza tena: nani kati yetu amelisoma? Hakuna aliyeinua mkono.

Ni kijitabu chembamba. Mtu akikaa nacho baada ya ibada, atakimaliza kabla chakula cha mchana hakijaiva. Kiliandikwa kwa Kiswahili ambacho mkulima angeweza kusomewa na mtoto wake akakielewa. Halmashauri Kuu ya TANU ilikipitisha Arusha mwishoni mwa Januari 1967, kikatangazwa tarehe 5 Februari, na siku iliyofuata benki zilianza kutaifishwa. Tangu hapo Watanzania wengi wamekipenda au kukichukia bila kukifungua. Ndivyo wengi wetu tunavyoitendea Biblia pia, lakini hilo ni la makala nyingine.

Naliandika hili katika kitabu cha imani kwa sababu moja. Sehemu ya kwanza ya Azimio haina kichwa cha habari kama "Mpango" wala "Sera". Inaitwa Imani ya TANU. Chama cha siasa kilianza kwa kuungama kile kinachokiamini, kifungu kwa kifungu, kama sisi tunavyosimama kila Jumapili kuikiri Imani ya Mitume. Basi mchungaji anaposoma maandishi hayo hajavamia uwanja wa watu. Ungamo linaweza kupimwa kwa ungamo.

Itikadi ni jirani wa imani

Neno itikadi limetujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni imani ambayo mtu ameishikilia kwa moyo. Leo tunalitumia kwa mafundisho ya kisiasa, yaani yale yanayotuambia mwanadamu ni nani, tatizo lake kubwa ni nini, na nani atamwokoa kutoka katika tatizo hilo. Tazama maswali hayo matatu. Ni yale yale ya Katekisimu.

Zipo itikadi nyingi, na kila moja imeshika kweli fulani. Uliberali huanza na mtu mmoja mmoja na haki zake: kusema, kuabudu, kumiliki, kuchagua. Mkristo anaitikia hapo, maana kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Uhafidhina huanza na tulichokipokea kutoka kwa waliotutangulia, ukionya kwamba ni rahisi kubomoa kuliko kujenga. Hapo tunaisikia amri ya nne kwa hesabu ya Katekisimu yetu, ya kuwaheshimu baba na mama. Usoshalisti huanza na usawa na kazi, ukimuuliza tajiri amepataje alichonacho. Amosi na Mika waliuliza hivyo hivyo. Utaifa huanza na nchi na watu wake, na Yesu mwenyewe aliulilia mji wa Yerusalemu.

Shida inakuja pale kweli moja inapovutwa mpaka ikataka kuwa kweli yote. Luther, akifafanua amri ya kwanza, alifundisha kwamba chochote ambacho moyo wako umekitegemea na kukitumainia, hicho kwa hakika ndicho mungu wako. Alitaja fedha, elimu, nguvu na jina la ukoo. Angeishi leo angeongeza chama, soko na taifa.

Sisi Walutheri hatuna ruhusa ya kulisema hili kana kwamba ni kosa la wengine. Ujerumani ya mwaka 1933, nchi ya Luther, iliona Wakristo wengi waliobatizwa na kupata Kipaimara wakiipokea itikadi ya Hitler kama zawadi ya Mungu kwa taifa lao. Mwaka 1934, pale Barmen, wachache walikusanyika na kutamka kwamba Kanisa halina bwana mwingine zaidi ya Kristo. Walikuwa wachache. Tukumbuke hivyo kila tunaposikia kwamba Mlutheri mwema hajihusishi na siasa.

Yanayostahili sifa

Mhakiki mwaminifu huanza na kilicho chema. Nitataja mambo matatu.

La kwanza ni heshima ya mtu. Imani ya TANU inaanza kwa kukiri kwamba binadamu wote ni sawa, na kwamba kila mmoja anastahili kuheshimiwa. Neno hilo lilisemwa na watu ambao miaka michache tu kabla walikuwa wakiitwa "boi" hata wakiwa na wajukuu. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, lakini hakutaka ujamaa uwe mali ya dini yoyote, kwa kuwa nchi ina Wakristo, Waislamu na wa dini za jadi. Nadhani alifanya vyema. Haki ya jirani si siri iliyofunuliwa kwa Wakristo peke yao. Mtume Paulo anatuambia katika Warumi 2 kwamba sheria imeandikwa hata mioyoni mwa watu wasio na Torati.

La pili ni masharti ya uongozi, ambayo yamo katika sehemu ya mwisho. Kiongozi wa TANU au wa serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Ukiyasoma leo unaweza kudhani yaliandikwa kwa ajili ya watawa! Wapo waliolalamika tangu siku ile, na wapo waliokwepa kwa kuandikisha nyumba kwa majina ya ndugu. Mwaka 1991, pale Zanzibar, CCM iliyalegeza. Sisemi kila sharti lilikuwa la busara. Nasema kwamba waliotunga masharti hayo walikuwa wameuona ukweli ambao Biblia inausema wazi: huwezi kuwachunga kondoo huku umefungua bucha pembeni. Ezekieli 34 inawahukumu wachungaji wanaojilisha wenyewe.

La tatu ni jambo ambalo wengi hawalijui, nami nilipolisoma mara ya kwanza nilirudia ukurasa. Azimio, likizungumzia bidii ya kazi, linasema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Linaonya pia kwamba watu wa mijini, tusipoangalia, watageuka kuwa wanyonyaji wa wakulima, kwa kuwa mkopo wa kujenga mji unalipwa kwa jasho la shamba. Wangapi kati yetu wachungaji tumewahi kusema kwenye mimbari maneno ya wazi kiasi hicho kuhusu mzigo wa akina mama? Tunawasifu Siku ya Wanawake. Jumatatu wanabeba kuni, nasi tunapishana nao tukiwa kwenye pikipiki.

Kinachokosekana

Hapo kwenye kurasa za wanawake na wakulima ndipo Azimio linapokaribia sana mafundisho yetu kuhusu dhambi. Halafu linaondoka.

Katika sehemu kubwa ya maandishi hayo, dhambi ina jina moja: unyonyaji. Nayo ina anwani: bepari, kabaila, mkoloni. Mkulima na mfanyakazi ndio walionyonywa, kwa hiyo ndio wasafi. Ukitaka kiongozi mwema, mtafute kati yao, mwekee masharti asijitajirishe, basi. Lakini kurasa zile zimekwisha kukiri kwamba mkulima mwanaume anamnyonya mkewe, na mfanyakazi wa mjini anaweza kumnyonya mkulima. Kama ndivyo, mnyonyaji hakai upande wa pili wa mto. Amelala nasi nyumba moja. Na tukiendelea kumtafuta, tutamkuta ndani ya kifua chetu.

Luther alifundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Wengi hulichukua fundisho hili kama faraja ya mtu binafsi, na kweli ni faraja. Lakini pia ni fundisho la siasa. Linasema kwamba hakuna kundi la watu, liwe la wakulima, wafanyakazi, wanajeshi, wasomi au wachungaji, ambalo linaweza kupewa mamlaka bila mtu wa kuliangalia. Masharti ya Azimio yalimzuia kiongozi asitamani mali. Hayakuwa na la kusema kuhusu kiongozi asiyetamani senti moja ya mtu, ila anatamani kuwaokoa watu hata wakikataa. Tamaa ya fedha tuliiwekea uzio. Tamaa ya kuwa na haki tuliiacha iende.

Mwalimu mwenyewe alijua hatari hiyo. Mwaka 1962, katika kijitabu chake juu ya ujamaa, alifundisha kwamba ujamaa kwanza ni hali ya moyo. Mwaka huo huo aliandika Tujisahihishe, akiwaonya wana TANU kwamba ukweli haujali ukubwa wa mtu. Mwaka 1968 aliandika kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza, na kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa kulazimisha. Maneno hayo yalichapwa na kusambazwa. Lakini miaka mitano baadaye, Novemba 1973, ilitangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekamilika ifikapo mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa katika muda mfupi.

Babu yangu na sura ya tano

Sasa niseme kwa nini jambo hili si somo la darasani kwangu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mwinjilisti katika mkoa wa Singida. Hakuwa na elimu kubwa, ila alikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo na baiskeli. Azimio lilipotangazwa alifurahi. Alisema serikali imeanza kuhubiri alichokuwa akikihubiri yeye. Kwa miaka kadhaa alikuwa na mahubiri moja aliyoyapenda, kutoka Matendo ya Mitume sura ya 4: waumini wa kwanza walikuwa na moyo mmoja, hakuna aliyeita mali yake kuwa yake peke yake, wala hapakuwa na mhitaji kati yao. Viongozi walimpenda kwa mahubiri hayo. Alikuwa akiitwa kufungua mikutano kwa sala.

Mwaka 1974 magari yalifika. Bibi alinisimulia zaidi kuliko babu. Wapo waliohama kwa hiari, hasa vijana waliotaka kuwa karibu na shule na bomba la maji. Wapo waliosita kwa sababu mtama ulikuwa bado shambani, au kwa sababu makaburi ya wazazi wao yalikuwa pale. Watu waliotumwa walipanda juu ya nyumba za hao waliosita, wakaezua paa, ili kusibaki kitu cha kurudia. Jirani mmoja, mama mjane, alikaa nje na kuku wake watatu mpaka jioni, akingoja mtu wa kumweleza. Babu alihama pamoja na washarika wake. Ibada ya kwanza mahali papya ilifanyika chini ya mbuyu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa chuo cha theolojia, nilirudi likizo nikiwa na maswali ya kiutafiti na kalamu mkononi. Nilimuuliza: babu, wakati ule ulihubiri nini? Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, niliendelea na sura ya nne. Sura ya tano sikuisoma."

Wakati ule nilidhani anazungumza juu ya hukumu, kwamba Anania na Safira walianguka wakafa. Nilipokwenda kuisoma tena ndipo nilipoelewa. Katika Matendo 5:4 Petro anamwambia Anania kwamba shamba lile lilikuwa lake kabla hajaliuza, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa katika uwezo wake. Hakuna aliyemlazimisha. Anania hakuadhibiwa kwa kubakiza fedha. Alianguka kwa sababu ya uongo, kwa sababu alitaka sifa ya kutoa vyote bila kutoa vyote. Ushirika wa sura ya nne ulisimama juu ya uhuru na kweli wa sura ya tano. Ondoa uhuru na kweli, kitakachobaki ni kugawana vitu kwa hofu, na watu watakaojifunza kusema uongo ili waonekane wema.

Nimekwisha kukutana na wazee wanaosema kwamba bila vijiji wao wasingesoma, na wanasema kweli. Kampeni za kisomo na shule za msingi ziliwafikia watu ambao mkoloni hakuwahi kuwahesabu. Baba yangu alijifunza kusoma katika kijiji kile kipya, na bila hilo nisingekuwa mchungaji. Sikatai neema hiyo. Lakini Mungu kutoa jema katika jambo hakumaanishi kwamba jambo lote lilikuwa jema. Yusufu aliwaambia hivyo ndugu zake, na hakuwaambia kwamba kumuuza ilikuwa sawa.

Tabia tuliyorithi

Itikadi hupita. Tabia zake hukaa. Utamaduni wa siasa wa taifa ni yale ambayo watu wake huyafanya bila kufikiri wanapokutana na mamlaka. Ujamaa uliacha katika utamaduni wetu mambo mema: Mtanzania wa Kagera anamwoa wa Mtwara na hakuna vita, na kwa miaka mingi tuliitana "ndugu", rais na mfagiaji. Neno hilo limetutoka polepole. Siku hizi ni "mheshimiwa", mpaka kwa mjumbe wa kamati ya shule. Mabadiliko hayo hayakupigiwa kura, lakini yanaeleza mengi.

Tulirithi pia kuitikia. Kiongozi anatamka neno, sisi tunalimalizia kwa sauti. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni, karibu watu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee. Tume yenyewe ilipendekeza vyama vingi, navyo vikarudishwa mwaka 1992. Wapo wanaowacheka wale wanane. Mimi siwacheki. Waliogopa magomvi waliyoyasikia nchi jirani, na kupenda amani si dhambi. Lakini ndani ya jibu lile nasikia pia sauti ya watu waliozoea kuamuliwa, wakaona kwamba kuamua wenyewe ni hatari kuliko kuamuliwa vibaya.

Na sisi kanisani tumepona? Hebu fikiri mkutano mkuu wa usharika wako. Mtunza hazina anasoma makisio ya mamilioni kwa dakika kumi. Mwenyekiti, mara nyingi ni mchungaji, anauliza, "Tunapitisha?" Makofi. Hakuna anayeuliza kama kuna anayepinga. Akitokea mmoja kuuliza kuhusu risiti za bati, tunamwambia ana roho ya upinzani. Neno hilo "upinzani" tumelitoa wapi? Si katika Biblia. Katika Biblia Paulo alimpinga Petro mbele ya watu kule Antiokia, na Kanisa likapona kwa sababu hiyo.

Mwaka 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilikutana Dar es Salaam na kumchagua Askofu wetu Josiah Kibira kuwa rais wake. Mkutano ule ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika unaigusa imani yenyewe, kwa hiyo Kanisa haliwezi kusema kila mtu na maoni yake. Lilikuwa neno la ujasiri na ninalionea fahari. Lakini ninapolisoma, namkumbuka yule mjane na kuku wake. Ujasiri kuhusu nyumba ya mbali ni rahisi kidogo kuliko ujasiri kuhusu nyumba ya jirani. Maaskofu wetu walipotoa waraka wa Pasaka wa mwaka 2018, Taifa Letu Amani Yetu, wakizungumza juu ya mambo ya nyumbani, baadhi ya washarika wangu walinifuata mlangoni baada ya ibada. "Mchungaji, sisi tumekuja kusikia Neno, siasa za nini?" Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wajukuu wa sura ya nne, kama mimi.

Itikadi isiyo na kitabu

Msomaji anaweza kusema: mchungaji, ujamaa umekwisha, unapiga nyoka aliyekufa. Basi tuangalie aliye hai.

Azimio lilikuwa na adabu moja kubwa: liliandika imani yake, kila mtu akaisoma na kuihukumu. Itikadi inayotutawala leo haina kijitabu. Hakuna mkutano uliokaa kuipitisha. Inasema thamani ya mtu ni kile alichonacho, maskini ni mvivu, na kila kitu kina bei. Azimio lilitukemea kwa kufikiri kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo, likataja vitu vinne badala yake: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Leo tumelijibu, hatukujibu kwa hoja, tumelijibu kwa maisha yetu.

Imani hii mpya ina wahubiri wake pia, na baadhi yao wamevaa kola. Kuna mahubiri ambamo Kristo anakuwa njia ya kupata gari. Babu alisimamisha Matendo 4 bila ya tano. Sisi tunasimamisha Malaki 3 bila ya Ayubu.

Na kuna harambee zetu. Tunajenga kanisa, fedha hazitoshi, tunamtafuta mgeni rasmi. Anafika na msafara, anakaa kiti cha mbele kilichofunikwa kitambaa, anatoa mifuko ya saruji na bahasha. Halafu tunampa kipaza sauti. Nimefanya hivyo. Mwaka mmoja karibu na uchaguzi nilisimama pembeni nikasikia mgeni wetu akiomba kura mbele ya madhabahu, nami sikusema kitu kwa sababu paa lilikuwa halijaisha. Usiku ule niliwaza: babu alinyamaza paa zilipoezuliwa, mimi nimenyamaza ili paa liezekwe. Sijui nani kati yetu ana udhuru mkubwa zaidi, lakini si mimi.

Tusome sura zote mbili

Ungamo la Augsburg, kifungu cha 16, linafundisha kwamba serikali ni kazi njema ya Mungu, na kwamba Mkristo anaweza kuwa hakimu, mwanajeshi, mfanyabiashara au mtawala bila kutenda dhambi. Linafundisha tutii. Lakini linamalizia na mpaka, likitaja Matendo 5: tukiamriwa kutenda dhambi, imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Nayo ni sura ile ile ya tano, aya ya 29. Nadhani si bahati tu. Sura inayotuonyesha kwamba ushirika haulazimishwi ndiyo hiyo hiyo inayotuonyesha kwamba utii una mwisho.

Kwa lugha yetu ya Kilutheri, kila itikadi ya siasa iko upande wa Sheria. Ikiwa njema inazuia uovu, inamlinda mjane, inagawa mzigo. Tuitake iwe njema, tuipigie kura, tuikosoe. Lakini hakuna itikadi iliyo Injili. Hakuna chama kinachosamehe dhambi. Anayelijua hilo hahitaji kukiabudu chama chake, wala hahitaji kumchukia jirani wa chama kingine, maana wokovu wake haumo kwenye sanduku la kura.

Nina ushauri mdogo. Vikundi vya ibada za nyumba kwa nyumba vichukue jioni mbili, vilisome Azimio la Arusha kwa sauti na Matendo 4 na 5 pembeni yake. Wazee wasimulie walichokiona, hata kile ambacho hawajawahi kukisema. Vijana waulize bila kukatizwa. Kisha mabaraza ya wazee yajiulize swali moja kuhusu sisi viongozi wa Kanisa: tungepimwa kwa masharti yale ya uongozi, wangapi tungebaki? Na kwenye mkutano mkuu ujao, mwenyekiti akishauliza nani anakubali, aulize pia nani hakubali, anyamaze na kungoja.

Mwalimu Nyerere, katika miaka yake ya mwisho, alieleza kwamba bado anasafiri na Azimio na kulisoma tena na tena. Babu yangu alikufa akiwa na Biblia yake ile ile ya zamani, ambayo sasa ninayo mimi. Kurasa za Matendo sura ya 4 zimechakaa na zina alama za vidole. Sura ya 5 ilikuwa safi. Lakini nilipoitazama karibu niliona kwamba katika aya ya 4 amepiga mstari kwa kalamu ya risasi, kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, mkono wa mtu mzee.

Bwana atujalie kuisoma tukiwa bado na nguvu ya kuihubiri.